Mkate wa Kwanza Anaula Mlinzi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumapili haijafika, maana mke wangu ameshashusha sanduku kutoka juu ya kabati na anasema anakwenda kwa dada yake kupumzika, na mapumziko ya namna hiyo mimi nayajua, huwa hayana tarehe ya kurudi.

Mimi ni fundi saa, nina kichumba changu kati ya kinyozi na zahanati, na mke wangu ni mwokaji, anaamka alfajiri kuoka mikate ya kupeleka madukani, mkate mweupe, laini, ukiubonyeza unainuka tena, na tangu tuoane miaka kumi na tisa iliyopita mkate wa kwanza kutoka kwenye oveni hauuzwi, ni wangu, anaufunga kwenye kitambaa ananikabidhi mkononi, na nyumbani kwetu hilo ndilo neno la mapenzi, hatuna jingine.

Sasa mshauri, kosa langu ni hili. Tangu mwaka jana nikishakula ule mkate na chai ya sukari naondoka nimeshiba vizuri tu, lakini ikigonga saa nne tumbo linanguruma na vidole vinatetemeka, na kazi yangu haitaki mkono unaotetemeka, kuna siku niliangusha skrubu ndogo kuliko chawa nikaitafuta kwa magoti na sumaku hadi adhuhuri huku mteja amesimama ananitazama. Mama wa maabara wa pale zahanati, mtu mzima anayekaribia kustaafu, akanipima sukari akakuta iko sawa, akaniambia, "Baba, ugonjwa sijauona. Chakula chako ndicho kinakwenda mbio. Kula kitu kinachochelewa tumboni." Akanipa maharage yake kwenye hotipoti yenye maua mekundu, na mshauri, nilifika saa saba sijakumbuka kama nina tumbo.

Tangu siku hiyo nachemsha maharage yangu mwenyewe kichumbani kwangu na mkate namwachia mlinzi wa jengo, kwa sababu mwokaji utamwambiaje kwamba mkate wake haukushibishi? Na kwa uroho wangu bakuli moja likawa mawili, asubuhi na mchana, jioni nafika nyumbani nimejaa, sahani ya mke wangu naisukuma pembeni, na mengine yanayotokea katika kile kichumba changu kisicho na dirisha niache nisiyaandike. Wiki iliyopita mke wangu akaniletea miwani niliyoisahau, mlinzi akampokea getini kwa furaha, "Shemeji! Mkate wako huu, Mungu aibariki mikono yako, nakula kila siku!" Mke wangu akaja akaweka miwani mezani kwangu, akageuka akaondoka. Kesho yake mkate wa kwanza ukaenda madukani pamoja na mingine. Jioni akaikuta ile hotipoti kwenye mfuko wangu wa vifaa, akauliza, "Nani anakupikia?" Kwa woga nikasema nimeinunua, kumbe ndani ya kifuniko mama wa maabara ameandika jina lake kwa rangi ya kucha.

Mshauri, sina mwanamke. Nina maharage tu. Nifanye nini?

Fundi Saa

---

Fundi,

Nimecheka, kisha nikakasirika kwa niaba ya mkeo.

Tuanze na tumbo, maana ndilo rahisi. Mimi si daktari, ila nimemuuliza mtu wa lishe. Unga mweupe umeshaondolewa pumba na kusagwa laini, kwa hiyo tumbo halina kazi kubwa ya kufanya. Sukari yake inaingia kwenye damu kwa haraka, na ikishuka njaa inabisha hodi. Na juu yake ukamimina chai ya sukari, mzee mzima! Maharage, dengu na nafaka isiyokobolewa vina nyuzinyuzi, na wanga wake unavunjwa kidogo kidogo, na muda wote huo utumbo unaupelekea ubongo habari kwamba chakula bado kipo. Ndiyo maana ulifika saa saba. Lakini utumbo uliozoea mkate mweupe huupigi mabakuli mawili kwa siku ghafla. Kinachofika chini bila kusagwa kinachachuka na kutoa gesi, na hayo ndiyo mambo yako ya kichumbani. Bakuli moja dogo linatosha. Loweka maharage tangu jioni, yamwage yale maji, tafuna taratibu, kunywa maji ya kutosha. Vidole vikitetemeka tena, rudi zahanati, usiniandikie mimi.

Sasa mkeo. Kutwa unafungua saa za watu kutafuta kilichokwama, ukifika kwako unafunika. Ulidhani ukweli ungemuumiza. Mna neno moja la mapenzi, nawe ukampa mlinzi, na mkeo akaja kulisikia getini! Njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye kifuniko cha hotipoti. Usithubutu kumlaumu kwa kuwaza mwanamke. Angewaza nini, malaika?

Na umemdharau fundi mwenzako. Mteja akikuambia saa yake inachelewa, unalia? Si unaitengeneza? Basi mkeo naye ana oveni, ana mikono, na ana miaka kumi na tisa ya kukanda. Mpe unga usiokobolewa na mbegu kidogo, aone la kufanya. Huenda hata wateja wake saa nne matumbo yanawanguruma, ila wana haya kama wewe.

Usingoje Jumapili. Leo hii osha ile hotipoti, mwombe mkeo mfuatane kuirudisha, na mama wa maabara aseme mwenyewe alichokupa na kwa nini. Wewe hapo nyamaza, umeshasema uongo wa kutosha. Mkirudi nyumbani umwambie kwa mdomo wako kuhusu saa nne, vidole na mlinzi, kisha umwombe radhi bila "lakini" hata moja.

Alfajiri uamke naye ukakande. Mkate wa kwanza usiudai, kwa sasa huna haki nao. Unga mpya una ukaidi wake, pengine utatoka mgumu na umepasuka juu. Akiufunga kwenye kitambaa akakupa, pokea kwa mikono miwili. Na ukifika getini msalimie mlinzi vizuri, halafu pita na mkate wako.