Ua wa Mabua Ulioleta Funza

Shumba Viamboni,
Micheweni, Pemba.
21 Aprili 2025

Mpendwa Dada Yumna,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani wewe, shemeji Jabir na watoto huko Muscat? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila mvua za masika hazitupi nafasi.

Dada, ndoa tamu! Miezi miwili sasa, na Hafidh akipiga hodi bado nakimbilia kioo kwanza. Juzi niliunguza pweza, akamla wote, akasema ana harufu ya udi. Nampenda hadi naona haya kuandika.

Lakini nakuandikia na habari mbaya. Mtama wa mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, umeingiliwa na funza, na ndio chakula chetu cha mwaka. Umefika magotini tu, na jani la katikati linakauka; ukilivuta linatoka, chini limeoza. Nilipasua bua moja nikamkuta mdudu amejilaza ndani.

Kosa ni langu. Ule ua wa mabua makavu ya mtama uliouona kwenye picha za harusi, Bi Mwanapili alitaka kuuchoma mara tu wageni walipoondoka. Kila mwaka huchoma mabua kabla ya kupanda. Mimi nikamlilia auache, kwani hapo ndipo tulipopigia picha yetu ya kwanza tukiwa mume na mke. Akaniridhia. Kumbe funza walikuwa wamelala humo. Mvua zilipoanza wakatoka vipepeo, wakataga kwenye mtama mchanga.

Bi Mwanapili akamtuhumu jirani yetu, Bi Masika, waliyepakana naye mashamba miaka yote.

"Funza wako wamehamia kwangu!"

"Wangu? Kwani niliwafungia mizigo nikawasindikiza?"

Siku nne hawakusemeshana. Mimi nilishauchungulia ule ua, nikaona matundu, nikanyamaza. Nilipomwambia Hafidh, akataka aseme ni yeye aliyezuia ua usichomwe. Wallahi nilitamani kukubali! Lakini kila Bi Masika alipopita mlangoni bila ya kutoa salamu, nilijificha jikoni.

Jana nikamfuata kwake, nikamshika mkono hadi kwa Bi Mwanapili, nikasema yote mbele yao. Mama mkwe akanitazama, akasema:

"Nyie wavuvi wa Wambaa mwajua samaki tu, changu na tasi. Mtama mwauona bakulini."

Bi Masika akacheka. Mwenzake hakucheka, akanipa jembe. "Haya, bi harusi, chimba."

Mabua yamerowa, hayashiki moto, basi tumeyafukia shimoni. Mikono yangu imejaa malengelenge. Tumeng'oa miche iliyokufa kiini, na iliyobaki tunaimwagia maji ya mwarobaini katikati ya majani. Bwana shamba ametwambia funza aliyekwisha kuingia ndani ya bua hafikiwi na dawa. Atarudi baada ya siku kumi. Akikuta majani mengine yamekauka, tutang'oa shamba zima na kupanda upya, na msimu unakwisha. Tuombee dua.

Wasalimie shemeji Jabir, Ashraf na mdogo wake Safaa. Hafidh anakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulindeni ugenini na akukutanisheni nasi kwa kheri.

Naishia hapa. Bi Masika ameingia shambani kwetu na ndoo yake ya maji ya mwarobaini, hajamsalimu mtu, na Bi Mwanapili anamwonyesha mstari wa kuanzia.

Mdogo wako akupendaye mno,
Shamima