Waridi la Nyuma ya Bafu

Kwihara,
18 Novemba

Kwako dada Apolinaria,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu mama yangu alinilea hivyo, usidhani unaistahili. Habari za Nzega? Shemeji Lugembe na mguu wake wanaendeleaje? Nasikia pamba iliwakubali mwaka huu, nami nimefurahi kwa ajili yake. Sisi huku tunapumua. Umenifungia kwenye simu tangu tulipomaliza matanga ya mama yangu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Najua utaisoma barua hii, hata kama ni kwa kutafuta la kunisemea.

Yule Bwana Vedasto, mtaalamu wa maua uliyemtuma, alifika Jumanne. Sikumfukuza kama ulivyomtabiria. Nilimpa kiti na uji wa karanga, nikampeleka nyuma ya bafu lilipo waridi, nikasimama mikono kiunoni nione atasema nini. Ni mtu mpole na msikivu. Sijui mlijuana vipi.

Alikuja na kile kitabu cha sala cha marehemu mama yako, ambamo alikausha ua la waridi lake mwaka aliofunga ndoa na baba. Akaomba sahani ya maji, akaliloweka lile ua kavu mpaka likalegea, akalifungua petali mojamoja. Kisha akachuma la kwetu, akalifanyia vilevile. Majirani walishajaa uani, kila mtu na lake. Mzee Idrisa alishikilia kwamba waridi hili lilikuja na misafara ya Waarabu. Wengine wakasema ni mapadre wa kwanza waliolileta. Bwana Vedasto akasema hayo ya misafara hawezi kuyaapia, na hata jina lake la kitaalamu hana. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba si waridi la dukani, ni la zamani sana, na kwamba maua yote mawili yana kidude cha kijani katikati, kama kifungo cha shati, ambacho hajakiona kwenye waridi jingine lolote hapa Tabora. Idadi ya petali ni ileile. Ni mti mmoja.

Basi umeshinda. Waridi la nyuma ya bafu ndilo waridi la kaburi la mama yako. Jipigie vigelegele.

Sasa nisikilize. Siku ya kumaliza matanga, udongo wa kaburi la mama yangu haujakauka, ulisimama mbele ya jumuiya nzima ukasema kwamba kabla hatujagawana hata sufuria, lile waridi ling'olewe lirudi kwa mwenyewe, maana tuliyemzika alikuwa mwizi wa makaburini. Ukaongeza kwamba lisemwalo lipo. Watu walikuwa na sahani za wali mikononi, na hakuna aliyeendelea kula. Huyo unayemwita mwizi ndiye aliyekuuguza surua na kukushonea gauni la komunyo. Sikukujibu, na wote wakadhani nauheshimu msiba. Haikuwa heshima, Apolinaria.

Unaukumbuka mwaka ulioolewa? Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kila Jumapili baada ya misa baba alipitia kaburini kwa mama yako, akakaa pembeni ya lile waridi alilolihamisha kwa mikono yake kutoka uani. Akirudi, chakula kimepoa, na mama yangu amekaa anamsubiri. Siku moja nikakuuliza kwa nini baba hakai na mama namna ile. Ukaniambia mama yangu ni mpangaji tu katika nyumba ile, na mpangaji haulizi mambo ya mwenye nyumba. Ulikuwa unajisuka, hata kunitazama hukunitazama.

Siku tatu mfululizo nilibeba maji ya ugali yakiwa yanachemka, nikaenda nayo kaburini, nikayamwaga kwenye shina. Siku ya nne majani yalikuwa meusi.

Aliyeliua waridi la mama yako ni mimi.

Mama alinikuta na sufuria. Hakunipiga. Alikata vijiti vinne vilivyobaki vibichi, akavipanda kwenye makopo ya mafuta. Vitatu alivirudisha kaburini kimoja baada ya kingine, na vyote vikaliwa na mchwa. Cha mwisho aliogopa kukipoteza, akakipanda nyuma ya bafu ambako udongo haukauki, kikakubali. Ulipokuja Krismasi na mumeo ukakuta kaburi tupu na waridi liko kwetu, ukapaza sauti mpaka njiani. Baba akamuuliza mama mbele yangu. Mama akanitazama mara moja tu, akasema ndiyo, amelichukua yeye. Baba akampiga marufuku kukanyaga tena kaburini, na mpaka Pasaka alikuwa akila kwa shangazi. Baba amekufa anaamini hivyo.

Nilipokuwa mtu mzima nilitaka kusema. Mama akanikataza, akasema yeye ameshazoea kusemwa, lakini mtoto wake hatazoea. Nami nikatii upesi, kwa sababu ilinifaa. Miaka thelathini na miwili nimekula ugali wa mama yangu nikimwacha aitwe mwizi. Wewe nakuchukia kwa neno moja ulilonitupia nikiwa mtoto. Mimi mwenyewe najichukia zaidi.

Waridi lako sikunyimi. Mvua zimeanza, na Bwana Vedasto anasema huu ndio wakati wa kulihamisha. Nimechimba shimo kaburini kwa mama yako na kulijaza majivu, mchwa wasirudi. Njoo na jembe lako. Lakini njoo Jumamosi ya tarehe 30, maana jumuiya inasali kwangu. Neno mwizi ulilitamka mbele yao. Mbele yao hao hao utamvua mama yangu, univike mimi. Nitakuwa nimesimama hapo. Ukimvua yeye, ndipo tutashika jembe. Usipomvua, utachimba peke yako, na mimi nitakutazama kutoka mlangoni.

Msalimie shemeji, mwambie mguu aukande kwa maji ya uvuguvugu. Wasalimie na wanao, ambao hawana kosa katika haya. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Yustina, mtoto wa mpangaji