Jicho la Kushoto

Mama, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kambini Usa River. Macho yananiuma kuliko miguu. Kocha wetu wa netiboli ameandika herufi kwenye mpira mdogo akauning'iniza kwa kamba. Anaubembeza, nasi tunaziba jicho moja na kuzisoma. Leo asubuhi, kwenye baridi hii ya Meru, niliziba la kulia nikakuta sioni hata herufi moja.

"Kocha, la kushoto halisomi," nikamwambia, nikijua nitarudishwa Tanga.

"Ndiyo maana pasi za upande huo zinakupita," akasema. "Kesho twende hospitali likapimwe. Halafu urudi hapa tulifundishe."

Nilikaa kwenye nyasi nikalia kwa uchovu. Mama, nimebaki kwenye timu. Niombee, na unibusie wadogo zangu.

Mwanao,
Zaina