Kompyuta Yako Imelala Shimanzi

Kuze, Jumamosi baada ya adhuhuri

Mwanangu Nasiha,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima hapo ghorofani, na kile kikohozi cha asubuhi kimekupungua. Mimi mjomba wako ni mzima, ila mji haunipi nafasi. Toka Kuze hadi Ndia Kuu hapana mtu anunuaye hata redio bila kuniuliza kwanza, na mainjinia wa bandarini huja kunisikiliza wakaondoka wameinamisha vichwa.

Ndiyo maana kompyuta aliyokuletea mamako kutoka Maskati ilifikia mikononi mwangu. Nayo imekataa kuwaka.

Jana ulipokuwa ukiuliza nyuma ya pazia kama tayari, nami nikijibu naipasha moto, nilikuwa naibembeleza iwake. Nilibonyeza kitufe, kijitaa kikakonyeza mara tatu kikafa. Nikakishikilia nikihesabu mpaka thelathini, kama alivyonifunza nahodha mmoja wa manowari. Kimya. Nikabadilisha soketi, nikaupuliza waya, nikausomea dua. Kioo kikabaki cheusi, nikauona uso wangu humo, nikaruka kama nimeona maiti.

Asubuhi nikaipeleka Shimanzi kwa Nicanor, yule mtu wa bara atengenezaye kompyuta za kampuni ya malori. Akaniuliza kama imeingia maji. Nikamwambia haijaonja tone. Akasema afadhali, kwani ikiwa imelowa ndani na ikatiwa umeme tena, huungua isifae hata kwa vipuri. Akachukua waya wa chaji.

Nasiha, nilimrukia. Nilimkamata mkono hata kikombe chake cha chai kikapinduka. Nikamwambia afungue atazame kwanza. Akafungua, akainusa, akaniuliza taratibu, mzee, mbona hapa panukia arusi? Nikamjibu labda ni mzigo wa ghala la jirani. Jirani yake auza saruji.

Ameiacha wazi mbele ya feni mpaka Jumanne. Huenda ikapona, huenda isipone. Na wewe wasailiwa na watu wa ufadhili wa masomo Jumatatu saa nne, humo humo ndani ya kompyuta! Basi shuka sasa hivi ukaazime ya rafikiyo Emmah, kabla hajapanda treni ya saa tisa kwenda Voi. Usiningoje mimi.

Ilipofika niliifukiza udi, maana kitu kipya hakiachwi hivi hivi machoni pa watu. Kisha nikachukua mrashi niinyunyizie marashi kidogo, kama bwana arusi. Ulikuwa umeziba. Nikautikisa, kichwa kikachomoka, marashi yote yakamwagika juu ya herufi. Nikayafuta kwa kikoi, nikaifunga, nikanyamaza.

Nisamehe, mwanangu. Msalimie Emmah na wazee wake, na Mola akufungulie hiyo Jumatatu. Barua hii naipenyeza chini ya mlango wako. Ukishuka utanikuta ukumbini nimejifunika shuka, nakoroma. Sijalala. Nakuogopa.

Mjomba wako,
Jamaldin