Kunde za Matanga

Jumanne, 10 Juni 2025

Chuo kimeniandikia. Mwisho wa Septemba nikabidhi tasnifu ya uzamivu, la sivyo jina langu linafutwa. "Hakutakuwa na nyongeza nyingine." Kwa herufi nzito! Kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea anayetafuna chaki. Nimefundisha baiolojia nusu ya maisha yangu. Nimegombana magazetini na wakubwa ambao mtu aliyeandika hiyo sentensi hathubutu hata kuwapa mkono. Lakini herufi nzito nimezisoma mara tatu.

Maabara hapa Kibaha haina maji tangu asubuhi. Tunaosha vyombo vya vioo kwa ndoo. Naila, anayesomea shahada ya pili, ananiita Mama. Leo kaniuliza: hivi Mama, kwa nini hukukaa nyumbani Kongowe ukala pensheni yako taratibu? Nikamwambia nitakula nikimaliza kugombana. Akacheka. Sikuwa natania.

Maana ni ugomvi, si kitu kingine. Mkulima wa Pwani anaambiwa kila mwaka anunue mbolea iliyovuka bahari. Hewa iliyo juu ya kichwa chake imejaa naitrojeni, na kwenye udongo wake mwenyewe wamo bakteria wanaoweza kuinasa na kuilisha kunde, bure! Nani anamwambia hayo? Hakuna anayefaidika kumwambia.

Basi nimeamua kuthibitisha. Bakteria niliwatoa kwenye mizizi ya kunde za Mzenga, huko Kisarawe, na jaribio liko huko huko, shambani kwa Mzee Hemedi. Vitalu vyenye vitambaa vyekundu, mbegu zake nilizipaka bakteria. Vyenye vitambaa vyeupe, mbegu tupu. Kila kitalu kinavunwa peke yake na kupimwa peke yake. Ndiyo sayansi yote hiyo. Kamati inataka misimu miwili iliyokamilika. Ninao mmoja, wa mwaka jana. Ule wa kwanza kabisa ukame uliumaliza. Kwa hiyo ni huu. Huu au basi.

Alhamisi, 12 Juni

Mzenga. Basi hadi Mlandizi, kisha bodaboda, Soga, vumbi, mgongo umekufa.

Mzee Hemedi alikuwa barazani, amejifunika koti lake la kijivu juani. Kabla sijavua helmeti:

"Mnyamwezi! Umekuja kubeba mzigo?"

Kila mara hivyo hivyo. Babu zangu waliteremsha pembe za ndovu kutoka Tabora kwa mabega yao, na Wazaramo, watani zetu, hawajachoka kutukumbusha. Nikamjibu: Mzaramo, bado umelala, ngoma ya jana ilikuwa kwa nani? Akacheka mpaka akakohoa. Halafu ndipo nikamwamkia shikamoo, kwa heshima zote, naye akaitika marahaba, mwanangu. Hivyo ndivyo tunavyoanza. Tukishamaliza matusi tunaanza siasa, na katika siasa huyu mzee ni mkaidi kuliko punda. Kila nililoandika gazetini analipinga. Anasomewa na mkewe, Bi Biubwa, halafu ananingoja na majibu.

Kunde zinakaribia. Maganda mengi yamegeuka rangi, mengine bado mabichi. Vitalu vyekundu vimejaa—unaona kwa macho! Vyeupe vimepauka. Nilitaka kupiga yowe. Tumekubaliana tuvune Jumanne ijayo, mimi na mizani yangu, yeye na wanawe.

"Wadudu wako wanakula nini muda wote huu?" akaniuliza. Sukari ya mmea, Mzee. Wanaupa mmea naitrojeni, mmea unawapa sukari. Akafikiri. "Basi ni watani hao."

Kikohozi chake sikukipenda. Nikasema twende zahanati. Akasema ni kifua tu, na kwamba Wanyamwezi tunapenda dawa.

Jumapili, 15 Juni

Sadick, mwanawe mkubwa, amepiga simu asubuhi. Mzee amefariki alfajiri. Wanazika leo alasiri.

Nimesema innalillahi. Nimesema poleni sana. Nimesema ninakuja. Halafu nimekaa kitandani na kiatu kimoja mkononi.

Jumatatu, 16 Juni

Niandike kwa mpangilio, maana kichwa kimevurugika.

Nilifika wakati wanaume wanaondoka na jeneza kwenda makaburini. Wanawake tulibaki. Bi Biubwa alikuwa ndani, ameshaanza kukaa eda. Nikaingia, nikamshika mikono. Mikono ilikuwa baridi.

Nikatoka uani. Jiko la mawe, masufuria makubwa, moshi. Bi Siwema, shemeji wa marehemu, ndiye aliyekuwa akisimamia mapishi. Akanipa sahani: kula, umetoka mbali. Wali, na juu yake kunde za nazi.

Nilikuwa nimeshameza tonge la pili nilipoziona. Ndogo, nyekundu, na kile kidoa cheusi jichoni. Kijiji kizima hakuna mwenye kunde hizo. Mbegu ile niliileta mimi.

Nikaweka sahani chini, nikaenda shambani. Sikukimbia. Ningekimbiaje kwenye msiba? Vitambaa vilikuwepo, vyekundu na vyeupe, vimesimama wima, havikuguswa hata kimoja. Mimea ilikuwepo. Maganda hayakuwepo. Makavu na mabichi, yote yamekwenda. Wamevuna vizuri, kwa uangalifu, kuanzia mwanzo wa shamba hadi mwisho, pamoja na safu za pembeni ambazo hata mimi huziacha. Nikang'oa mmea mmoja kwenye kitalu chekundu nikautazama mzizi. Vinundu wanamoishi bakteria vilishasinyaa, vyeusi, vinamomonyoka vidoleni. Kazi yao walishaimaliza. Mimi ndiye niliyechelewa.

Nikarudi. Bi Siwema, nani amevuna kule? Akanitazama kama aliyeulizwa jua linachomozea wapi. Tumevuna sisi, asubuhi, wanawake wa mtaa mzima. Mtu akifa, shamba lake ndilo linalolisha matanga yake. Aanze kuomba kwa watu siku ya mwisho, na alilima kwa mikono yake? Ingekuwa aibu kwake na kwetu.

"Mlitenganisha? Za vitambaa vyekundu na za vyeupe?"

"Kutenganisha nini tena? Kunde si kunde!"

Hapo ndipo nilipopasuka. Sijivunii, lakini nilipasuka. Nikapiga kelele katikati ya ua: "Nyie Wazaramo! Mmekula shahada yangu! Jasho langu lote mmelitia nazi mkalila! Na huyo mzee ni mwizi, kafa makusudi asinivunie!"

Kisha kigelegele.

"Mtani kafikaaa!" Bi Siwema alitupa mwiko. Wanawake waliokuwa wamekaa na mashavu mikononi wakainuka, wanapiga makofi. Mnyamwezi huyo, kachelewa lakini kafika! Tulidhani msiba huu hauna mtani! Mmoja akanifunga kanga kiunoni. Mwingine akanipaka unga usoni. Nikawaambia sitanii! Jamani, sitanii! Wakazidi kucheka, wakashikana mabega. Huyu hodari huyu, tazama machozi anavyoyatoa!

Mwanamke mmoja akaingia ndani akatoka na lile koti la kijivu. Wakanivisha.

Lilikuwa na harufu yake. Tumbaku na mafuta ya kuchua.

Nilibaki na njia mbili. Nilivue, niwatukane kwa ukweli, mama wa watu asikie huko ndani kwamba mgeni analilia kunde siku anayozikwa mumewe. Au nifanye linalompasa mtani msibani, nimwigize marehemu. Nikainamisha mgongo. Nikaweka mkono kiunoni kama yeye. Nikatembea kwa mwendo wake ule wa kuburuta ndala, nikakohoa, nikasimama mbele ya dirisha la Bi Biubwa, nikasema kwa sauti yake:

"Mnyamwezi! Umekuja kubeba mzigo?"

Ua mzima ulianguka kwa kicheko. Na ndani nikamsikia Bi Biubwa akicheka. Kicheko kifupi, kama mtu aliyetekenywa usingizini. Kisha kikageuka kilio, kile kikubwa, ambacho Bi Siwema aliniambia baadaye walikuwa wakikingoja tangu alfajiri na kilikuwa kimekataa kutoka.

Nikakaa chini na koti langu. Nikaiokota sahani. Nikala zote. Zilikuwa tamu.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia msimamizi wangu, Dkt. Fabian. Kijana mzuri, msomi kweli, ananizidi kila kitu isipokuwa umri. Alisikitika. Alifunga mlango. Akasema: Mama, unazo namba za mwaka jana. Chukua hizo, punguza kidogo hapa, ongeza kidogo pale, panda shuka kama mvua inavyofanya. Matokeo yenyewe tunayajua, si uliona kwa macho? Hutamdanganya mtu. Utaandika kilichokuwa kitokee.

Kilichokuwa kitokee!

Mwaka jana niliandika makala nikiwaita watu wa aina hii wezi. Niliandika kwamba namba ya kubuni katika kilimo ni sumu, maana kuna mtu atapanda akiitegemea. Nikamkumbusha. Akasema anaikumbuka, alimpelekea hata mchumba wake aisome. Kisha akasema kwa upole, na ndiyo maana inauma: "Mama, unagombana na kila mtu. Sasa ugombane na mwezi wa tisa pia?"

Nikachukua mkoba nikatoka bila ugomvi. Mimi!

Kurudia msimu haiwezekani. Vuli itaanza nikiwa nimeshafutwa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimezibuni zile namba. Nataka niliandike hapa waziwazi. Nimekaa mezani asubuhi, nikajaza safu zote, vyekundu na vyeupe. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Zilitoka nzuri. Nzuri kuliko za kweli za mwaka jana, zile zina kitalu kimoja ambamo mbuzi wa jirani aliingia na kingine kilichogoma bila sababu. Za kubuni hazikugoma.

Nilizitazama sana. Nikajiona nimevaa joho.

Mchana Sadick akapiga. Shikamoo Mwalimu. Mama anakusalimia sana, anasema ulimsaidia siku ile. Halafu anauliza: vile vitambaa shambani tuving'oe, au kazi yako bado inavihitaji? Kwa sababu baba alisema visiguswe mpaka Mwalimu aje na mizani. Sisi vitambaa hatukugusa, Mwalimu. Hata kina mama tuliwaambia siku ile: vitambaa msiguse.

Walimtii. Neno kwa neno walimtii.

Nikamwambia viache kwanza. Nikakata simu nikalia, na safari hii hapakuwa na wa kunipigia makofi.

Jumatatu, 23 Juni

Nimezifuta zile namba. Si kwa ushujaa. Kila nikizitazama namsikia Mzee Hemedi akinitania barazani: Mnyamwezi, hizi umezipima lini? Mtu aliyenipinga kwa kila nilichowahi kuandika, halafu nimwandikie uongo juu ya shamba lake, wakati hawezi tena kunijibu? Hapana.

Lakini jedwali haliwezi kubaki tupu, kamati itadhani nimesahau. Kwa hiyo nimejaza. Kitalu cha kwanza, kitambaa chekundu, uzito wa mavuno: zimeliwa msibani. Cha pili, kitambaa cheupe: zimeliwa msibani. Cha tatu. Cha nne. Nimeyaandika yale maneno mstari kwa mstari hadi chini, sikunakili hata mara moja, kila moja nimeliandika kwa vidole vyangu. Chini ya jedwali nimeweka maelezo: mwenye shamba, Hemedi, alifariki kabla ya mavuno, mavuno ya vitalu vyote yalichanganywa na kupikwa kwa nazi, mtafiti alikula.

Nimemtumia Dkt. Fabian, na nakala kwa kamati nzima.

Koti la kijivu liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilipotaka kulirudisha walikataa, wakasema la mtani halirudi. Linanitazama.

Simu inaita. Ni Fabian. Imekata. Inaita tena—