Wimbo Wake Umepigwa Redioni

Mwenzangu, hebu sikia ya leo.

Unalijua lile kundi letu la kusikiliza albamu zisizojulikana. Leo nilimleta mwimbaji mwenyewe, yule wa gitaa tunayemsifu kila Jumamosi hadi machozi. Nilimwalika mimi, na haya zangu zote hizi.

Akaingia anatabasamu, akasema, "Jamani, asubuhi wimbo wangu umepigwa redioni."



Mwenyekiti akavua miwani. "Redioni? Mama yangu anasikiliza redio."

Mama yake, jamani.

"Si ndiyo vizuri?" mwimbaji akauliza.

"Kaka, tulikupenda ulipokuwa wetu peke yetu." Mwenyekiti akapanda kiti akabandua picha ya mwimbaji ukutani, mwenye picha akitazama. Wenzetu wakainamisha vichwa kama wako msibani.

Mwimbaji akanigeukia. "Dada, nimekosea nini?"

Unajua nikitazamwa nakosa sauti. Lakini niliipata. "Hujakosea. Sisi ndio tuliotaka ufe njaa ili tuendelee kukusifu."

Mwenyekiti akanionyesha mlango.

Sasa mimi na mwimbaji tumekaa kwenye ngazi za nje, ananiimbia wimbo huohuo wa redioni. Mwenzangu, ni mzuri mno. Tafadhali usimwambie mtu.