Mtoto Aliyetolewa Kabla ya Kitovu

Jumamosi, alasiri. Nje kidogo ya Kasulu. Mvua imekatika tangu juzi, barabara ya kwenda Kibondo imeanza kurudisha vumbi lake, na hewa ina ule ubaridi wetu wa milimani unaomfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Leo sina ugomvi na mtu yeyote.

Nimeisoma sentensi hiyo mara mbili. Wanaonifuata hapa tangu zamani wataniuliza kama naumwa.

Siumwi. Nina furaha, na furaha yenyewe haijapewa jina bado. Asubuhi ya leo Skolastika, jirani yangu wa nyumba ya tatu, amerudi kutoka hospitali na mtoto wake wa kiume akiwa hai. Ananyonya mpaka anakoroma. Siku tisa zilizopita mtoto huyo alikuwa amekataa titi na mwili umeanza kupoa, na kwa desturi yetu hakutakiwa kuuona mlango.

Nieleze, maana wasomaji wangu wengine mko mbali na Buha, nchi yetu Waha.

Kwetu, mama akishajifungua huingia ndani na mtoto wake, na hawatoki mpaka kitovu kianguke. Ndiyo, siku hizi tunazalia zahanati. Lakini tukisharudi nyumbani na kuingia ndani, tumeingia. Kitovu kikianguka, bibi mzaa baba humbeba mtoto na kumtoa nje, watu wanakula, mtoto anaonyeshwa uwanja, migomba na majirani. Ni siku nzuri sana na sina neno baya juu yake.

Neno baya nililo nalo ni la siku za kabla yake. Mtoto akifa kabla ya kutolewa, hana matanga. Wanawake wawili watatu wanamzika nyuma ya nyumba, upande wa migomba, na mama anaambiwa asilie kwa sauti. Hakuna daftari linalomwandika. Kesho yake ukipita pale watu wanakusalimu kwa kupiga makofi kama desturi yetu ilivyo, na wewe unaitikia.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa na jibu la vifo hivi. Jibu langu lilikuwa zahanati. Nimeandika humu makala baada ya makala kumshambulia nesi, dawa zisizokuwepo, benchi la kungojea, mlango unaofungwa saa tisa. Niliandika vizuri, najua. Kuna watu walizichapa makala hizo na kuzibandika kwenye ukuta wa duka la Mzee Athumani, na Nesi Rehema, binti wa Tanga aliyeletwa kwetu na serikali, alikuwa akizipita kila alipokwenda kununua sukari.

Ndipo Nesto akaja na maharage yake.

Nesto ni mhudumu wetu wa afya wa jamii, mtu mwembamba mwenye baiskeli na sauti ya taratibu ambayo hunikera. Kazi hii alijifunza Kibondo. Aliwaita watu wa kitongoji chetu, wanawake kwa wanaume, kwenye darasa tupu la shule, akatandika mkeka na kuchora juu yake kwa chaki. Alichora nyumba, akachora barabara, akachora zahanati, na mwisho kabisa hospitali. Kisha akaomba kila kaya iliyopoteza mtoto mchanga isimulie siku za mtoto huyo. Kila siku aliyoishi ni punje moja ya haragwe. Unaiweka pale alipokuwa mtoto siku hiyo.

Sharti lilikuwa moja tu. Hakuna kumtaja mkosaji.

Nilikaribia kuondoka. Kumtaja mkosaji ndiyo kazi yangu hapa duniani. Nimesoma maishani vitabu vya kujaza chumba, na katika vyote nilichotafuta ni nani alaumiwe.

Nilibaki kwa sababu nilitaka kuona maharage yakirundikana pale kwenye mchoro wa zahanati. Nilikuwa hata na kichwa cha makala tayari.

Wa kwanza alisimulia kwa Kiha, polepole, Nesto akimtafsiria Nesi Rehema sikioni. Punje ya siku ya kuzaliwa ikawekwa zahanati. Ya pili, ndani ya nyumba. Ya tatu, ndani. Ya nne, ambayo mtoto alikataa titi, ndani. Ya tano haikuwepo. Akaja wa pili, wa tatu, na wengine ambao sikujua kabisa kwamba waliwahi kuzika, majirani niliowafundishia watoto wao. Sitaandika walikuwa wangapi. Nyuso zao nazijua, zinatosha.

Mkeka ulipojaa, barabara ilikuwa nyeupe, bila punje hata moja. Ukiacha punje za siku ya kuzaliwa, maharage yote yalikuwa yamesongamana ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa chaki.



Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikachukua punje tano.

Wasomaji wangu wa miaka yote hamjui kwamba nilizaa kabla ya hawa watoto wawili mnaowasoma humu. Alikuwa wa kiume. Siku ya tatu aliacha kunyonya. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa kubishana na maofisa elimu mbele ya wazazi, na nililala naye mle ndani siku mbili nikimtazama anavyopoa, kwa sababu kitovu kilikuwa hakijaanguka na mama mkwe alikuwa hajasema neno. Siku ya tano walipita naye mlango wa nyuma. Sikuonyeshwa mahali.

Zahanati sikuwahi kumrudisha. Lakini nimeilaumu zahanati tangu siku ile, maana lawama inayokaa nje ya nyumba ni nyepesi kubeba.

Niliweka punje ya kwanza zahanati na nne ndani.

Hapo Nesi Rehema akazungumza. Nilidhani atanisuta, na alikuwa na haki. Badala yake alisema, kwa Kiswahili chake cha Tanga kilichonyooka, kwamba yeye huwafundisha mama wote kabla hawajaruhusiwa: akikataa titi, akiwa wa moto, akipoa, mlete saa hiyo hiyo. Wote huitikia. "Kumbe nimekuwa nikiwafundisha watu wasio na ruhusa ya kufungua mlango," akasema. Hakuwahi kumfundisha bibi hata mmoja.

Mwenyekiti wa kitongoji akaja na dawa yake: faini. Kila nyumba itakayomfungia mtoto mgonjwa ilipe. Nakiri niliinua mkono kumuunga mkono, na nikasema maneno makali juu ya mila za kuua. Wanawake wakatazama chini. Nesto akaniuliza kwa ile sauti yake kama nadhani baada ya faini hiyo kuna mtu atakayekuja tena kwenye mkeka kusimulia. Nikashusha mkono. Wangezidi kuzika kwa siri.

Aliyetuokoa ni Bi Yustina, mama mkwe wa Skolastika, mwanamke ambaye tumewahi kugombana naye juu ya mpaka wa shamba mpaka tukaitwa ofisini kwa mtendaji. Wakati huo Skolastika alikuwa na tumbo kubwa, ameketi pembeni yake akipepesa macho kwa usingizi.

Bi Yustina alisema kwamba mtoto ni wa bibi kumtoa, na hilo hakuna faini itakayolibadilisha. Lakini yeye hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba kuna siku iliyokatazwa. Wanangoja kitovu kwa sababu na wao walingojewa. Basi mtoto akiumwa, bibi atamtoa saa hiyo hiyo, na akirudi mzima atatolewa tena kwa heshima zake zote.

Mzee mmoja akauliza kama mtoto anaweza kutolewa mara mbili.

"Na wewe utakula mara mbili," Bi Yustina akamjibu. "Umewahi kukataa?"

Darasa zima likacheka, na kicheko hicho kikafanya kazi ambayo makala zangu hazikuifanya. Mabibi waliokuwepo wakakubaliana pale pale. Nikatoka nikiwa nimeshindwa na nikiwa mwepesi, mchanganyiko ambao sikuujua.

Lakini kukubaliana darasani, wakati hakuna mtoto anayeumwa, ni rahisi.

Alhamisi ya wiki iliyopita, kabla ya saa sita mchana, Skolastika alinipigia simu kutoka ndani. Alinong'ona. Mtoto ana siku tatu, amekataa titi tangu alfajiri, miguu ya baridi. Mumewe alikuwa Manyovu kununua tangawizi, simu yake haipatikani. Shemeji yake Gervas ndiye mkubwa wa nyumba, na amesema wamngoje kaka mtu.

Nilikwenda mbio na kandambili zangu. Njiani nilikuwa nimeshatunga hotuba nzima. Nilipofika uwanjani nikamkuta Gervas amesimama mlangoni, majirani wameanza kukusanyika, na Bi Yustina ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anatazama chini.

Aliniona. Nikaona kwamba anangoja nianze kupiga kelele. Nikianza tu, suala litakuwa mimi na yeye, mpaka wa shamba, msomi na mila. Angekuwa na sababu nzuri ya kubaki kwenye kigoda.

Nilifunga mdomo. Katika vita vyote nilivyopigana, hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote.

Sijui ilipita dakika ngapi. Ndani, mtoto alitoa sauti ndogo, kama mlango unaohitaji mafuta, kisha akanyamaza. Bi Yustina akainuka. Gervas akamwambia, "Mama, kitovu bado kibichi. Tumngoje kaka."

"Kaka yako alitolewa na bibi yenu, na wewe pia," akasema. "Huyu ni wangu kumtoa. Wewe kalete pikipiki."

Akaingia. Alipotoka alikuwa amemweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya blauzi yake, kanga mbili juu. Alitoka mlango wa mbele. Akasimama katikati ya uwanja, jua likiwa utosini, watu wote tukitazama, akamwelekeza mtoto migombani, akamwelekeza barabarani, haraka haraka, kama mtu anayesaini karatasi, kisha akapanda pikipiki. Skolastika akafuata kwa nyingine, mara yake ya kwanza nje tangu arudi kutoka kujifungua.

Nesi Rehema alimchoma mtoto sindano ya kwanza kabla Bi Yustina hajamaliza kueleza. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine, na hilo nitaliandika wiki ijayo kwa hasira zangu zote, msidhani nimeokoka. Mzee Athumani alifunga duka lake, lile lile lenye makala zangu ukutani, akawapeleka Kasulu mjini na pikapu ya mizigo. Hospitali wakasema ni maambukizi ya damu. Wakasema pia kwamba wangechelewa mpaka kesho yake, wasingekuwa na la kufanya.

Mpaka kesho yake. Mimi nilingoja siku mbili.

Kitovu kilianguka wodini siku ya sita. Bi Yustina alikifunga kwenye kitambaa na kukiweka ndani ya pochi ya simu yake, na leo amerudi nacho.

Sasa wasomi wa mijini mnaopenda kuniandikia kwamba watu wa huku wanaua watoto kwa ujinga: hapana. Hakuna aliyekuwa mjinga mle ndani. Kulikuwa na mama aliyejua dalili bila mamlaka, na bibi mwenye mamlaka ambaye hakuna aliyewahi kumwambia dalili. Walilala chini ya paa moja. Ilihitajika mkeka, chaki na punje za maharage kuwaonyesha, na kutuonyesha sisi tunaojua kila kitu. Na wakubwa nao wasifurahi mapema: barabara ikiwa mbovu na gari likiwa moja, hata bibi mwepesi atachelewa. Nitarudi kwenu.

Ila leo tumeshinda, acheni niseme. Tumeshinda. Nimekaa kwenye upande unaoshindwa maisha yangu yote, na sikujua kwamba ushindi unaweza kuwa na harufu ya maziwa yaliyocheuliwa begani kwa mtu.

Makala zangu za zahanati sitazifuta. Zitabaki humu zilipo, na juu ya kila moja iliyomgusa Nesi Rehema nitaandika kwamba nilikosea na nilikosea wapi. Zile za ukutani nimekwenda kuzibandua mwenyewe leo mchana. Nesi alikuwa dukani akinunua sukari. Tuliangaliana. Akaniuliza kama nahitaji msaada kwenye pembe ya juu ya ile ya mwisho, maana gundi ilikuwa imeshika, na tukaibandua pamoja.

Kuhusu mwanangu: nimemwomba Bi Yustina aniulizie kwa wale wazee wa kike waliobaki, wanionyeshe ni mgomba upi.  Alinishika kiwiko.

Kesho ni Jumapili, na baada ya misa mtoto wa Skolastika anatolewa mara ya pili, kwa heshima zake zote. Baba yake amerudi kutoka Manyovu na gunia la tangawizi na aibu kidogo. Gervas ndiye anayepika.

Mimi nimeagizwa nilete maharage. Nimeshayaloweka, sufuria nzima, na kesho yataliwa yote.